Baridi Yabisi, Johari na Swali la Wayunani: Je, Ulimwengu Una Mwanzo?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe, Kariokor, Nairobi. Yamepunguzwa kidogo ili yaenee kwenye kurasa hizi.)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha kwenye Ramadhan nyingine, na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), naomba ndugu msomaji unipe dakika chache kabla hujalala, ama kabla ya daku, maana haya ninayotaka kuyasema hayataki haraka. Najua jarida letu limezoea makala ya funga, zaka na nasaha za futari. Mimi nimeangukiwa na mada ya ajabu kidogo: Wayunani wa kale, yaani Wagiriki, na mabishano yao juu ya ulimwengu. Ndugu mmoja aliposikia alisema, "Sasa hao washirikina wa zamani wanatuhusu nini sisi na Ramadhan yetu?" Swali zuri sana hilo, na ndilo nitakalojaribu kulijibu.

Tuanze na jina la mtaa. Kariokor si Kiswahili, si Kikuyu, si Kiarabu. Ni Carrier Corps, kundi la wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wenzetu wa Dar es Salaam wanasema Kariakoo, ni jina lile lile. Neno lilipita kwenye midomo ya watu mpaka likawa letu, na leo mtu anaingia sokoni kununua kiondo ama viatu vya ngozi na hamkumbuki mpagazi hata mmoja. Maneno husafiri namna hiyo, yanaacha mizigo yao njiani. Hata neno falsafa lilisafiri: Wayunani walisema philosophia, kupenda hekima, Waarabu wakalikata likawaingia mdomoni, nasi tukalipokea kwao.

Sasa nikuulize. Mzee wako akilalamika magoti, hasa baridi ya Julai inapotupiga hapa Nairobi, utasema ana ugonjwa gani? Baridi yabisi. Kila mtu analijua jina hilo, hata asiyejua neno jingine la Kiarabu. Lakini yabisi maana yake ni kavu. Kwa nini maumivu ya viungo yaitwe "baridi na kavu"? Ukavu wa goti la mzee nani aliupima?

Jibu liko Ugiriki, zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Aristotle (vitabu vyetu vinamwita Aristotali) alifundisha kwamba kila kitu hapa chini ya mwezi kimetokana na asili nne, na kila asili ina tabia mbili. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Ardhi ni baridi na ukavu. Umeona? Ardhi ndiyo baridi yabisi. Matabibu wa Kiyunani, na mkubwa wao Galen aliyeishi karne ya 2 baada ya Nabii Issa (A.S.), wakasema mwili wa mwanadamu nao unakaa kwa mizani ya tabia hizo, mizani ikiinama, maradhi yanaingia. Ibn Sina akayapanga hayo yote katika Qanun yake, na elimu ikashuka mpaka pwani yetu. Ndiyo maana huko Mombasa na Lamu bado utawasikia wazee wakitaja hari, baridi, yabisi na rutuba, na bibi akikwambia tangawizi na pilipili manga ni moto, tango na dafu ni baridi, hata kama dafu lenyewe limeshinda juani mchana kutwa. Bibi huyo hakusoma kitabu cha Kiyunani hata kimoja, lakini jibu la Wayunani analo jikoni.

Jibu, nimesema. Swali ni jambo jingine. Kwa nini ziwe asili nne, zisiwe moja ama mia? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Ulianza Miletus, mji wa bandari katika pwani ya magharibi ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Ukiifikiria Mombasa ya jahazi na marikebu hutakuwa umekosea sana: wafanyabiashara, mabaharia, watu wa kila lugha na kila mungu wake. Katika karne ya 6 kabla ya Nabii Issa akatokea huko mtu aitwaye Thales akasema asili ya vitu vyote ni maji. Mwenzake Anaximenes akasema hapana, ni hewa: ikikazana inakuwa upepo, wingu, maji, mwisho jiwe, ikilegea inakuwa moto. Ni rahisi kuwacheka. Lakini angalia walichokifanya. Watu waliowazunguka walikuwa wakisema mvua ni ya mungu huyu na tetemeko ni hasira za mungu yule. Hawa wakauliza ulimwengu umetengenezwa kwa kitu gani na unafanya kazi vipi, na mwanafunzi akaruhusiwa kumwambia mwalimu wake kwamba amekosea.

Kati ya hao wawili alikuwapo Anaximander, na huyo mimi namhusudu. Watu wote walikuwa wakiuliza dunia imekalia nini. Wengine walisema imeelea juu ya maji. Yeye akasema haikukalia kitu. Imesimama katikati, na kwa vile iko mbali sawasawa na pande zote, haina sababu ya kwenda huku kuliko kule. Alidhani ina umbo la ngoma, sisi tukiwa juu ya ngozi yake, na hapo hakupatia. Lakini kumwambia binadamu wa karne ya 6 kabla ya Nabii Issa kwamba chini ya miguu yake, chini kabisa, hakuna nguzo wala ng'ombe wala kobe, hiyo ni jeuri ya akili.

Halafu akaja mtu wa kuwaharibia wote. Parmenides, wa mji wa Elea kusini mwa Italia, alisema hivi: kisichokuwapo hakipo, basi. Hakiwezi kuzaa kitu. Kwa hiyo kilichopo hakikutokana na kutokuwapo, wala hakiwezi kugeuka kisichokuwapo. Maana yake hakuna kuzaliwa, hakuna kufa, hakuna hata mwendo. Mabadiliko yote unayoyaona ni macho kukudanganya. Utasema huyu ni mwendawazimu. Haya, mwonyeshe hoja yake imevunjika wapi. Wayunani walihangaika nayo miaka na miaka.

Empedocles, mtu wa Sicily, akajibu kwa zile asili nne: moto, hewa, maji na ardhi. Zenyewe hazizaliwi wala hazifi, akasema, bali zinachanganyika na kuachana, na hicho ndicho tunachokiita kuzaliwa na kufa. Hapo ndipo baridi yabisi ya mzee wako ilipoanzia, katika kumjibu Parmenides. Leucippus na Democritus wakaenda mbali zaidi. Wao walisema kuna chembe ndogo zisizogawanyika, hazina idadi, zinakwenda katika utupu. Chukua shanga za mama anayeuza pale sokoni: kwa shanga zile zile anatengeneza mkufu, mkanda na bangili, anafumua, anaunga tena. Shanga hazikuongezeka wala hazikupungua. Na kwa Democritus hakuna mama. Shanga zinagongana zenyewe, na kutokana na kugongana huko zinatokea dunia nyingi, si hii yetu peke yake.

Mabishano haya hayakuwa ya kahawa na kashata tu. Anaxagoras alisema jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko Peloponnese, yaani ile sehemu yote ya kusini ya Ugiriki, na kwamba mwezi hauna nuru yake bali unapokea ya jua. Akashtakiwa Athens kwa kuikosea heshima miungu, akahama. (Na sisi tunaogombana kila mwaka, wa mwezi wa hapa na wa mwezi wa Saudia, tukumbuke kuna mtu alifukuzwa mjini kwa kutueleza kwa nini hilali inakuwa nyembamba.) Baadaye Aristarchus wa Samos aliposema dunia ndiyo inayolizunguka jua, palikuwa na mwanafalsafa mwenzake aliyetaka naye ashtakiwe. Kumnyamazisha muulizaji hakukuanzia msikitini, wala kanisani.

Sasa tufike kwenye kiini. Plato (Aflatuni) aliandika kwamba ulimwengu ulitengenezwa na fundi mwema, aliyeichukua maada iliyokuwa ikivurugika akaipanga, na wakati wenyewe ukaanza pamoja na mbingu. Baada yake wanafunzi wake wakagombana kama mwalimu alimaanisha hivyo kweli ama alikuwa akifafanua tu. Ndugu yangu usikimbilie kusema Plato alikuwa muwahidina. Fundi wake hakuumba kutoka pasipo kitu. Alikuta mbao zipo, kama seremala wa Gikomba.

Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 na kufariki 322 kabla ya Nabii Issa, alikuwa mwanafunzi wa Plato, na hapa alimkataa mwalimu wake. Ulimwengu hauna mwanzo, akasema, wala hautakuwa na mwisho. Hoja zake si za kitoto. Kila "sasa" ni mwisho wa muda uliopita na mwanzo wa muda ujao, basi "sasa" ya kwanza kabisa haiwezekani, kwa sababu ingekosa muda wa nyuma yake. Na kila mwendo unatanguliwa na mwendo mwingine uliouamsha. Na mbingu, akaongeza, hakuna aliyepata kuziona zikibadilika katika kumbukumbu zote za wanadamu; kwa hiyo hazikutengenezwa kwa asili zile nne bali kwa asili ya tano isiyooza. Mungu yumo katika mpango wake, ndiye anayeuendesha ulimwengu bila yeye kuendeshwa, lakini Mungu huyo hakuumba kitu na hajui habari yako wala yangu.

Mtu huyo huyo ndiye aliyetupa hoja nzuri kwamba dunia ni duara. Kivuli chake kwenye mwezi unapopatwa ni cha mviringo daima, na ukisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini nyota zinabadilika, zinazoonekana Misri hazionekani kaskazini. Akataja hata ndovu. Wako upande wa Afrika na wako India, na aliona hiyo ni dalili kwamba ncha hizo mbili za dunia hazikuachana sana upande wa pili. Ndovu wetu walimpoteza njia hapo, lakini duara alilipata.

Elimu hii ilifikaje kwenye mkeka wa madrasa? Ilipitia Alexandria kwanza. Kando kidogo: Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 2 kitabu kikubwa cha mpango wa mbingu, dunia katikati na sayari zikizunguka, ndiye pia aliyeandika kitabu cha jiografia kinachoutaja mji wa Rhapta katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Wataalamu bado hawajakubaliana ulikuwa wapi hasa. Lakini mtu asikudanganye kwamba Wayunani na sisi hatukuwa na habari ya sisi kwa sisi. Kisha zama za Abbasiya, hasa wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kutoka 813 hadi 833, Baghdad ikawa inatafsiri vitabu kama njaa imewashika. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo, alitafsiri vitabu vya Galen kwa wingi, na al-Kindi, Mwislamu, akawa anafalsafu kwa Kiarabu. Walishirikiana bila kuogopana.

Sasa rudi nyuma kidogo kwenye utoto wako. Kama ulisoma madrasa zetu za Kishafii, ulikaririshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu. Wujud, Qidam, Baqaa, na kuendelea, sauti ya pamoja, maalim akipiga mkeka kwa kifimbo kushika mapigo. Qidam tuliambiwa ni kutokuwa na mwanzo. Mungu peke yake hana mwanzo, ulimwengu umezuka. Na waliosonga mbele kidogo walifundishwa dalili: kila mwili umeundwa kwa jauhari, yaani chembe isiyogawanyika, na jauhari haiachani na mwendo ama utulivu, mwendo na utulivu vinazuka na kutoweka, na kitu kisichoachana na vilivyozuka nacho kimezuka. Kwa hiyo ulimwengu una mwanzo, na kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha.

Jauhari! Sisi kwa Kiswahili tumelichukua neno hilo likawa johari, kito cha kuvaa shingoni. Lakini kwa wanazuoni wa ilimu ya kalam ilikuwa ndiyo chembe, inayofanana na ya Democritus, ingawa wataalamu wanabishana iliwafikia kwa njia gani. Na tazama walivyofanya. Democritus alitaka chembe ili ulimwengu usihitaji mwenyewe. Wao wakaichukua chembe hiyo hiyo, wakasema haidumu hata nukta moja ila Mungu aidumishe. Shanga zikarudishiwa mama.

(Najua wako maustadh leo wanaosema njia hii ya sifa ishirini na jauhari si ya wema waliotangulia, wanasomesha akida kwa mpango mwingine. Ugomvi huo siingii usiku wa leo. Nasema tu kwamba wengi wetu ndivyo tulivyosoma.)

Mnaona basi. Tulikuwa tunamjibu Aristotle, na hatujui. Kila tulipoimba Qidam tulikuwa tunachukua upande katika kesi iliyofunguliwa Ugiriki, lakini hatukusomewa mashtaka. Tulihifadhi majibu, maswali hatukupewa.

Na hili lina hasara yake. Namjua kijana mmoja wa huku Eastlands, jina lake litabaki kwangu, aliyekuwa akitusalisha tulipokuwa wadogo. Alipoingia chuo kikuu akasikia kwenye somo la kemia kwamba maada haiumbwi wala haipotei, inabadilika sura tu. Akashtuka. Akaenda kumwuliza mtu mzima mmoja wa dini: kama haiumbwi, itakuwaje na yale tuliyosoma? Akaambiwa hayo ni wasiwasi wa shetani, apige istighfari aache kusoma upuuzi. Kijana akanyamaza. Leo darsani haji, na hata Ijumaa sina hakika. Swali lake halikuwa la shetani. Ni la Parmenides na Empedocles, lina umri wa karibu miaka 2500, na ndani ya kitabu chetu wenyewe lina mjadala mrefu. Hakuna aliyemwambia. Alidhani ni yeye wa kwanza kulifikiria, na kwamba Uislamu umekutwa hauna la kusema.

Imam Ghazali hakujibu hivyo. Alikaa akaisoma falsafa mpaka akaandika kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, ndipo mwaka 1095 akamaliza Tahafut, kitabu cha kuwapinga. Mambo 20 aliyataja, na katika matatu aliwahukumu kuwa wametoka kwenye Uislamu. La kwanza ni hili la ulimwengu usio na mwanzo. Moja ya hoja zake ilikuwa imeshatumiwa na John Philoponus, Mkristo wa Alexandria ambaye Waarabu walimjua kwa jina la Yahya an-Nahwi, aliyeandika mwaka 529. Nitaieleza kwa mfano wa hapa kwetu.

Chukua matatu ya Eastleigh inayopita hapa Kariokor kwenda tao, na chukua basi la Mombasa. Tuseme matatu ikipiga tripu 30, basi limepiga moja. Kama magari haya yamekuwa yakienda tangu milele, bila siku ya kwanza, basi lina tripu ngapi? Hazina idadi. Matatu je? Nazo hazina idadi. Mbona basi moja ni mara 30 ya nyingine na zote hazina idadi? Na tripu hizo, jumla yake ni shufwa ama ni witri? Kila idadi ni shufwa ama witri, hakuna njia ya tatu. Ghazali alitumia jua linalozunguka kwa mwaka mmoja na Zuhali, sayari inayochukua miaka 30. Zamani zile walidhani vyote viwili vinaizunguka dunia, lakini hesabu yake haibadiliki.

Hoja nzuri, na mimi inanipendeza. Lakini usiichukue kwenda kumchapia mwenzako bwenini ukidhani haina jibu. Ibn Rushd alimjibu Ghazali kwamba tripu zilizokwisha pita hazipo zote kwa pamoja mahali fulani ili zijumlishwe. Na katika karne ya 19 mwanahesabu Mjerumani Georg Cantor alionyesha kwamba vitu visivyo na kikomo vina hesabu yake ya ajabu: unaweza kuvilinganisha kimoja kwa kimoja na sehemu yake tu, na bado vikawa sawa, wala shufwa na witri hazivihusu. Mjadala haujafungwa. Wale wanaosema falsafa ni haramu nao hawakuzua. Ibn as-Salah, mwanachuoni mkubwa wa madhhab yetu aliyefariki karne ya 13, alitoa fatwa kali dhidi ya falsafa na mantiki. Ila Ghazali naye ni Shafii. Katika nyumba moja kauli zilikuwa mbili.

Kuna na upande wa pili, wa ndugu wanaodhani sayansi imeshatumalizia kazi. Ni kweli, tangu Georges Lemaître alipoandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na kisha mwaka 1931 kwamba ulianza kutokana na kitu mfano wa chembe moja, dalili zimejaa, na leo wataalamu wanaupa ulimwengu huu umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Aristotle ameshindwa, si ndio? Polepole. Lemaître mwenyewe alikuwa padri, na mwaka 1951 Papa alipozungumza kama kwamba fizikia imethibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi. Alitaka nadharia ibaki nadharia. Wapo leo wanafizikia wanaouliza kama kulikuwa na hali nyingine kabla ya upanuzi huo. Ukiijenga akida ya watoto juu ya nadharia, siku nadharia ikirekebishwa utawaambia nini?

Penye hakika ni mahali pamoja, na hapo Kenya yetu ina fungu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka San Marco, jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa maalum kutazama miale ya eksirei kutoka mbinguni. Ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja, Cygnus X-1, kilionekana kikipapatika kwa haraka mno, na baadaye kikaja kukubalika kuwa ni shimo jeusi, mabaki ya nyota iliyokufa. Mbingu za Aristotle zisizobadilika, zisizooza, zilipata jibu lao kutoka maji ya Malindi, na jibu lenyewe lina jina la Kiswahili.

Nimalizie na vijana wawili. Karibu na mwaka 1000, al-Biruni, ambaye hakuwa amefika miaka 30, alimwandikia barua Ibn Sina, mdogo wake kwa miaka saba, akimpa maswali 18, mengi yakiwa juu ya kitabu cha Aristotle kuhusu mbingu. Kwa nini Aristotle ashikilie maneno ya watu wa kale kwamba mbingu hazibadilika? Kwa nini akatae kwamba panaweza kuwa na ulimwengu mwingine? Kwa nini akatae chembe? Ibn Sina alimtetea Aristotle, Biruni hakuridhika, akajibu kwa ukali, mpaka Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake aendeleze mabishano. Wote wawili walikuwa Waislamu, wote wanaswali na kufunga.

Swali moja kati ya hayo unaweza kulijaribu nyumbani. Kama vitu hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, aliuliza Biruni, kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka maji yakiganda? Ibn Sina alijibu kwa kanuni ya Aristotle: utupu hauwezekani, kitu kikisinyaa ndani ya chupa kingeacha utupu, basi chupa huvunjika ili utupu usipatikane. Sasa usiku wa leo, baada ya tarawehe, jaza maji kwenye chupa ya kioo ya soda, ifunge vizuri, itie ndani ya mfuko wa plastiki ili vipande visije kukukata, uiweke kwenye friza. Wakati wa daku ifungue friza utazame vigae vimeangukia wapi, ndani ama nje.

Wassalaam alaykum.